Sura Ninayoulizwa

...na bado wananisubiri niseme neno, mkurugenzi kanikazia macho, muuzaji wa mashine za kutambua watu mlangoni anachezea rimoti, vidole, sura au mboni ya jicho, chagua mama, wewe ndiye mkuu wa usalama, kampuni nzima itafunguliwa mlango kwa alama utakayoisema wewe... vidole vitatusumbua, watu wa karakana mikono yao ni grisi na makovu matupu, mboni ni ghali na wengi wanaogopa kuinamia kile kitundu, basi sura, nilikuja nimeshaamua sura, sasa hivi tu nilisimama mbele ya mashine taa ya kijani ikawaka, ikanikaribisha kwa jina langu kamili, wote wakacheka wakapiga makofi, mimi nikatamani iniite tena, maana tangu juzi hakuna aliyeniita jina, kwangu anayeongea ni redio... "Hii haisahau mtu, hata azeeke vipi," muuzaji anasema, halafu anasema nini tena, eti mtu asipotambulika mara tatu mlango unajifunga hadi aje mlinzi... mara tatu, na Jumapili nilimuuliza baba mara tatu. Nilimkuta sebuleni kwa mdogo wangu, kanyolewa vizuri, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, baba, nitazame, mimi ni nani? Akanitazama kwa adabu, yule yule aliyekuwa akinibeba mabegani, akasema, "Shikamoo, mama." Mimi, mwanawe wa kuzaa! Nikauliza tena, akageukia mlangoni kutafuta wa kumwokoa, nikauliza tena kwa ukali, kisha nikachukua mkoba nikaondoka, kama Jumapili zote, wifi akanikimbilia hadi getini, "Wifi yangu, usiwe unamuuliza, ukiondoka analia, anasema yule mama kamkasirikia na hajui amemkosea nini..." Nikamwambia nina haraka. Haraka ya kwenda wapi, na nyumba nimeifunga mwenyewe, hakuna anayenisubiri ndani... "Mama, tunakusikiliza," huyo mkurugenzi, ndiyo, subiri kidogo, nasema sasa hivi, kwani wifi alisema nini kingine, geti lilikuwa linapiga kelele nikasikia nusu, alisema wageni baba anawapenda, akija jirani, akija fundi bomba, anamkalisha na kumwambia ana binti mwenye kazi kubwa huko mjini, utotoni alikuwa mkaidi huyo, hakubali kulala mpaka taa izimwe na baba mwenyewe... anasimulia mpaka chai inapoa... basi Jumapili sitauliza kitu, nitabisha hodi kama mtu wa njiani, nitavuta kiti, anite mama, anite dada, anite fundi bomba akipenda, nami nitamwambia mzee, hebu niambie habari za watoto wako... mkurugenzi anakohoa, muuzaji kainua rimoti, wote wananitazama mimi, na mimi, miaka yote hii, sijawahi kukaa pale muda wa kutosha kumsikia baba akinisimulia...