Darubini ya Kuonea Karibu

Nilikuwa naosha vioo vya kupimia damu chumbani kwa Bwana Jayantilal, nyuma ya soko la Darajani, Simai alipoupiga mlango teke. Mapinduzi yalikuwa na siku tatu. Simai ni jirani yangu, mdomo mbele akili nyuma, na siku hiyo alikuja na panga na wenzake wawili.

"Iko wapi darubini?"

Mzee wa watu akaonyesha mezani. Ilikuwa ya shaba, urithi wa baba yake: mwanzi juu ya mguu mzito, na chini kijioo cha kunasa jua. Kwa chombo hicho alitafuta malaria katika damu zetu, ya Simai ikiwemo.

"Watu wameona mwako dirishani. Unamwashiria nani baharini?"

"Hii si ya mbali, Simai. Yaonea karibu."

"Karibu nna macho yangu!" Akampiga bapa la panga usoni. Nyusi ikapasuka, damu ikamziba macho. "Haya, tuonyesheni. Nisipoona kitu, nnamchinja."

Basi ikawa mimi, niliyekatazwa miaka sita kuigusa skrubu ya kuteremshia mwanzi. Nikachota damu usoni mwa mzee, nikaipaka kwenye kioo. Nikateremsha mwanzi nikiutazama kwa ubavuni, kama alivyofanya yeye, kisha nikaweka jicho na kuupandisha taratibu. Nikageuza kijioo. Giza. Nikageuza tena, mwanga ukaingia, na damu ikajitokeza. Nilitaka kulia.

Simai akainama. Akaweka jicho.

"Vidude," akasema. "Viduara, tele! Nshaona. Mwacheni mzee."

Nikamshukuru Mungu mapema mno. Simai alitaka kuviona vikubwa zaidi, akazungusha skrubu chini. Bwana Jayantilal hakuona kitu, lakini alisikia shaba ikiteremka.

"Usiteremshe! Utavunja lenzi!"

Akaurukia mkono wa Simai. Simai akashtuka, na panga likashuka. Vidole vitatu vya mzee vikabaki mezani kando ya darubini.

"Mbona umenirukia?" Simai alipiga kelele, analia. "Si nshasema tumwache?"

Nilimchukia Simai. Lakini nikiufunga mkono ule kwa kanga yangu, niliyetaka kumzaba kofi ni mzee, aliyekwisha kupewa roho yake akaiweka nyuma ya lenzi.

"Imepasuka?" akaniuliza.

Nikatazama. "Haijapasuka."

"Alhamdulillahi, kama usemavyo wewe," akanong'ona. "Kesho skrubu utaishika wewe."