Shemeji Yu Macho

Kwa kawaida muuguzi hamhudumii ndugu yake katika chumba cha upasuaji, ila shemeji aligoma kuhudumiwa na mwingine. "Nipasuliwe kichwa halafu nipige soga na mtu nisiyemjua? Nitaona haya, ninyamaze." Fundi seremala huyo, mume wa dada yake muuguzi, hakuwahi kunyamaza tangu siku ya posa, kwa hiyo hakuna aliyemwamini. Hata hivyo walikubali.

Kazi ya muuguzi ilikuwa moja tu, kumfanya aongee. Fuvu lilifunguliwa kwa ganzi, mwenyewe yu macho. Daktari aligusa ubongo kwa waya wenye umeme kidogo, muuguzi akaonyesha picha, shemeji akataja. Akikosea, basi pale pamebeba maneno na hapakatwi. Uvimbe waliotaka kuutoa ulijibanza karibu na maneno hayo, na kipande ambacho kingeachwa kingeota tena.

"Kikombe," alisema shemeji. "Jogoo. Ndoo."

Kwenye skrini muuguzi aliona ubongo ukipwita, kinyama cha kujaa viganja viwili.

"Daktari, shemeji yangu amekaa wapi humo?"

"Hana kiti maalumu. Seli moja haijui lolote, hata ukichukua elfu. Zikishapashana habari kwa mabilioni, ndipo anatokea."

"Msinisengenye, nawasikia," alisema shemeji.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa; lakini kibaba gani hiki kinachojijua kuwa kimejaa, tena kinatania watu? Miaka yote muuguzi alimwona shemeji mtu wa kawaida, mwenye kelele. Sasa alimstahi kuliko mtu yeyote. Akainua picha ya kiti.

"Hicho kinaanguka," alisema shemeji.

Daktari aliganda. "Amekosea. Hapa naacha."

Muuguzi aliigeuza picha akaitazama. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi. Mchoraji alilipua kazi.

"Hajakosea, daktari! Shemeji, hicho ni nini?"

"Kiti. Ila aliyekiunda afungwe."

"Huyo ndiye shemeji yangu, fundi seremala," alisema muuguzi. Daktari alipagusa tena mara tatu, na mara tatu shemeji akataja sawasawa. Ndipo daktari akakata.

Uvimbe ulipotoka, shemeji alinyamaza. Muuguzi alionyesha picha ya samaki, kisha ya ufunguo. Kimya. Na yeye ndiye aliyemhakikishia daktari kwamba shemeji hajakosea.

"Shemeji, sema neno. Nitukane ukitaka."

Chozi lilimtiririka shemeji hadi sikioni. Midomo ikachezacheza, na muuguzi akainama karibu kabisa.

"Usimwambie dada yako," alinong'ona, "kwamba nimeogopa."

"Amesema nini?" daktari aliuliza kwa wasiwasi. "Anaeleweka?"

Muuguzi alikuwa akilia chini ya barakoa wala hakujificha.

"Anaeleweka, daktari. Amenipa siri."