Tela Lililonichungulia Dirishani

Wapo watu wanaosema pikapu yangu ni mbovu. Si kweli. Ni nzima kabisa, ila ukiifunga tela inakuwa na mawazo yake.

Siku ile tulikuwa tunampelekea shemeji yangu Silvano, kule Kibakwe, mashine ya kukamua alizeti. Tangu nistaafu nimejifunza ufundi mwenyewe, kwa kutazama na kwa kuharibu, kwa hiyo maandalizi niliyafanya mimi. Magurudumu ya nyuma ya pikapu nikayajaza upepo hadi ukiyagonga yanalia kama ngoma. Springi zake nikaziongezea jani la chuma la lori. Mashine nikaiweka mwisho kabisa wa tela, mbali na pikapu, ili isiielemee. Mke wangu Dorkasi akatazama, akasema tu, "Haya."

Kutoka Nzuguni hadi Ihumwa tulikwenda vizuri. Baada ya hapo nikakanyaga mafuta kidogo, tela likaanza kutikisa makalio. Mara ya kwanza lilinichungulia kwenye kioo cha kulia, mara ya pili cha kushoto. Mara ya tatu likaja hadi dirishani, nikalisalimia, maana nilidhani linaomba kupita.

"Baba Violeth, simamisha gari."

"Ni upepo tu, mama."

"Upepo gani huo usiotikisa hata jani?"

Nikasimama Buigiri. Dorkasi akachomoa ufunguo mwenyewe, akautia kwenye mkoba, akashuka. Pikapu ilikuwa imeinua kiuno. Magurudumu yake ya nyuma yanagusa lami kwa adabu tu.

"Kwetu ukipakia mkokoteni hivi," akasema, "mti wa mbele unapanda juu, nira inamkaba ng'ombe koo. Wewe umeikaba gari."

"Basi tuisukume mashine mbele yote."

"Ukizidisha, ng'ombe anapiga magoti. Hapo usukani utakuwa mwepesi, utatupeleka porini."

Akawaita vijana wawili waliokuwa wanauza zabibu barabarani. Tukaisukuma mashine hadi ikavuka magurudumu ya tela kidogo kuja mbele, akasema hapo hapo, tukaifunga kamba. Nyuma ya pikapu ikashuka taratibu, kama mtu aliyepishwa kiti. Upepo niliouzidisha akaniamuru niutoe.

Nikanyoosha mkono nidai ufunguo.

"Nitakupa hadi Kibakwe," akasema. "Ukifika, mwambie kaka Silvano nani aliyepanga huu mzigo. Akiamini, ufunguo wako. Asipoamini, kurudi naendesha mimi."

Leseni anayo mwaka wa nne sasa, na kazi yake ni kukaa kwenye mkoba. Mimi kuonekana Nzuguni nimekaa kushoto, watu wakinipungia? Nikakubali haraka. Kusema kweli mara moja kuna ugumu gani?

Njia nzima hadi Kibakwe, milima ile yote, tela lilifuata kama mwali anayepelekwa kanisani.

Silvano alitupokea, akalizunguka tela, akatikisa kichwa kwa furaha. "Shemeji, mzigo umekaa sawasawa. Wewe ni fundi."

"Si mimi. Ni Dorkasi."

Akacheka hadi akashika boneti. "Mwaka jana ulituambia ulivuka mto Kinyasungwe umefurika, kambare wanakusukuma gari. Leo dada yangu fundi wa matela."

"Silvano, naapa. Alisema gari imekabwa koo kama ng'ombe. Kulikuwa na wauza zabibu wawili."

"Ehe. Na zabibu nazo zilisukuma?"

Kila nilichoongeza kilizidi kunizamisha. Nikamweleza jinsi tela lilivyokuja dirishani, nikajua papo hapo nimekosea. Mke wa Silvano akatoka jikoni aje asikilize vizuri.

"Mama Violeth," nikasema, "hebu waambie."

Dorkasi alikuwa anamenya chungwa. "Mimi nilisinzia tangu Ihumwa," akasema. "Sikuona kitu."

Tukashusha mashine, tukala ugali na mlenda, Silvano akaisimulia habari ya zabibu kwa majirani wawili zaidi. Wakati wa kuondoka Dorkasi akasimama mlango wa kulia, kiganja wazi.

"Nimesema kweli," nikamnong'oneza.

"Umesema. Hakuamini. Tulikubaliana nini?"

Nikampa. Nikazunguka upande wa kushoto, nikafungua mlango. Kwenye kiti kulikuwa na mto mdogo wa kukalia na chupa ya chai, vimepangwa vizuri. Mke wa Silvano akaniambia Dorkasi aliviomba jikoni tulipofika tu, kabla sijafungua mdomo.