Kesi ya Mende wa Kabeji

Mara mbili nilipanda kabeji hapa Bwera, na mara mbili zilikatwa shingoni zikiwa bado ndogo. Kona ile ya shamba nilipewa na Afande Byaruhanga, sajini mstaafu, mume wa shangazi yangu Medius. Watu wote humwita Afande, hata shangazi mwenyewe. Aliniambia kabeji zikikatwa mara ya tatu, kona inarudi kwake, apande muhogo.

Nikapanda tena. Siku ya nne asubuhi nikakuta miche sita imelala. Afande akaja, akainua nyasi nilizotandaza, akaona wadudu weusi, wanaong'aa, wenye miguu ya mbio.

"Mende," akasema. "Kumbe umewajengea mende nyumba."

Shida ilikuwa hilo jina. Mende ni mwizi wa jikoni, na hawa hatukuwa na jina lao lingine. Akaniamuru nifagie nyasi zote, akaenda kuchanganya dawa kwenye pampu.

Lakini mimi nilikuwa nimewaangalia asubuhi nyingi, kabla hawajaingia kujificha. Sijawahi kuona hata mmoja akila jani. Tena midomo yao ni kama koleo. Koleo la nini, kama chakula ni jani laini?

Nikamfuata Afande, pampu iko tayari mgongoni mwake, nikamwambia kwa heshima kwamba hata jeshini mshtakiwa husikilizwa kwanza. Shangazi akacheka huko jikoni.

"Msikilize mtoto, Afande. Ama unaogopa kushindwa na mende?"

Nikachimba kwa kidole kando ya mche uliolala. Akatoka kiwavi wa kijivu, mnene, amejikunja kama pete. Nikamtia ndani ya kopo pamoja na jani bichi la kabeji. Mdudu mweusi Afande alimshika mwenyewe, akarushiwa maji makali yenye harufu mbaya. Akamwachia koponi, akanusa vidole.

"Iko na silaha," akasema, sauti imeshuka kidogo.

Shangazi akafunika kopo kwa sahani, sababu wale hupenda giza, tukawa tunachungulia pembeni. Mdudu akapita juu ya jani kama mtu anayepita juu ya mkeka. Akamfikia kiwavi, akambana katikati. Kiwavi akajipindapinda. Maji ya chai ya shangazi jikoni hayajachemka, kiwavi amebaki ngozi.

Afande akavua pampu.

"Huyu si mende. Huyu iko doria."

Akaniamuru nirudishe nyasi haraka, askari wasichomwe na jua. Nikazirudisha, nikapanda miche sita mingine. Wiki iliyofuata ulikatwa mmoja tu, na habari ya muhogo ikaisha.

Sasa kabeji zimeanza kufunga vichwa. Afande husimama kando ya njia akiwaeleza wapita njia jinsi yeye alivyowagundua wale askari, na mimi namwacha aeleze.