Rangi ya Kijivu Juu ya Mabomba

...safi, eti meli safi, nani kasema safi, karatasi ndiyo imesema, na kalamu iko mkononi mwake, na afisa kijana anamwonyesha mstari kwa ukucha, "Hapa tu, mzee wangu, wewe ndiye uliyekuwa fundi mkuu wa injini, sahihi yako inatosha," miaka ishirini na sita chini kwenye joto lile hakuna aliyemuuliza neno, leo meli ya vita imestaafishwa, bendera imeshushwa, wakubwa wamefuta machozi ya kupigiwa picha, kesho inavutwa kwenda kukatwa iwe chuma chakavu, ndipo wanamkumbuka, ndipo wanamtumia gari mpaka mlangoni, lo, heshima hiyo... "Wakaguzi wamepita kila chumba, hawakuona asbesto hata chembe," wataionaje, watu na viatu vyao vya kung'aa, wamemulika tochi, wameona mabomba ya kijivu yanapendeza, wakaandika safi, wangekwaruza basi, hata kwa ufunguo wa nyumba, chini ya rangi ile kuna pamba nyeupe ya kukingia joto, asbesto tupu, aliizungusha kwenye mabomba yeye mwenyewe kwa mikono mitupu, ujana huo, wakirushiana madonge kwa mzaha yeye na mwenzake Kijiko, vumbi limewaganda kwenye kope, wanacheka, na Kijiko akaja kufa akiitafuta pumzi kwa mdomo wazi, daktari akasema sigara, sigara gani, Kijiko hakuwahi kushika sigara maishani mwake!... "Mzee, kuna tatizo?" anatikisa kichwa, hakuna, kumbe lipo, tena ni lake, maana kila ukaguzi ulipokaribia nani alikuwa akipaza sauti, vijana, pigeni mkono mwingine wa rangi, mkuu asione nyufa, si yeye huyu, mkono juu ya mkono, mpaka akapewa cheti cha usafi, mkewe kakitundika sebuleni na hukipangusa vumbi... vumbi, jamani... na jana mtoto wa dada yake kapiga simu, furaha imemjaa, kapata kazi ya kukata meli kwa gesi, "Mjomba, naanza na meli yako! Nikuletee kipande cha ukumbusho?" naye akacheka, akamjibu niletee bomba, Mungu wangu, bomba, moto utaunguza rangi kwanza, kisha ile nyeupe itafumuka, itamwingia kifuani, naye atajifuta uso na kucheka vilevile... "Ni utaratibu tu, mzee," afisa anaangalia saa, utaratibu, mtamzika mpwa wangu kwa utaratibu, mmefanya uzembe wenu mkaja kuutafutia jina langu, na jina lenyewe limo tangu zamani, hilo ndilo linalomchoma, hata akiwatukana, matusi hayataishia kwao, yatamrudia na yeye... ukucha bado uko palepale, kalamu bado iko juu ya mstari, na afisa anayesubiri sahihi hajui kwamba mzee anapima tu ukingo wa karatasi, kama utatosha kuandika kila bomba lilipo, kuanzia chumba cha injini, na jina la mtu aliyeamuru yapakwe rangi.