Kuanzia Getini

Simu iliita mara sita kabla Gibson hajapokea. Sekela alisikia kwanza pumzi zake, kisha ngurumo za malori yaliyomzunguka.

"Shikamoo, mzee. Sekela hapa, yule anayeuliza muda wa kuvuka mpaka."

"Marahaba, mwanangu. Nipo palepale."

Kila asubuhi, kwenye ofisi ya ghorofa ya pili Kinondoni, Sekela aliwapigia madereva, akawauliza wamengoja kwa muda gani kuvuka mpaka, akaingiza majibu kwenye kompyuta. Mchana wastani ulitoka kwenye tovuti, matajiri wa malori wakausoma. Jana wastani ulikuwa wa saa kumi na moja. Gibson alikuwa na siku ya tano kwenye foleni, kilomita nne kutoka getini.

"Sindano zangu za sukari zimeharibika kwa joto," alisema. "Naona vitu viwili viwili. Nimemwomba tajiri alete dereva mwingine nikatibiwe. Kasoma huko kwenu, anasema watu wanavuka kwa saa kumi na moja, mie nazurura. Nikiacha mzigo, polisi. Andika ukweli tu, mwanangu. Atauona."

Sekela akaandika saa 118.

Haikupita nusu saa, msimamizi wake, Rogers, akawa amesimama nyuma ya kiti.

"Hii nini?"

"Ndiyo muda wake, bosi. Na anaumwa."

"Sie tunahesabu kuanzia getini. Foleni ya nje si yetu." Aliongea kwa upole. "Wiki ijayo wafadhili wanakuja. Wameshaambiwa muda umeshuka. Niwaambie Sekela kaupandisha?"

Akainama, akaifuta mwenyewe. Mkataba wa Sekela ulikuwa unaisha Ijumaa. Akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu ofisini kwa tajiri wa Gibson. Akapokea mwanamke.

"Dada, sie tunafuata takwimu. Hapa imeandikwa saa kumi na moja."

"Mimi ndiye ninayeziandika."

"Basi unajua ni za kweli."

Siku tatu baadaye simu ya Gibson ilipokewa na mtu mwingine, Elibariki, dereva wa lori la nyuma yake.

"Foleni ilisogea juzi asubuhi, yeye hakusogea. Tulipofungua mlango alishakuwa wa baridi. Simu ninayo mie, nawasubiri ndugu zake."

"Na lori?"

"Tajiri alileta dereva kwa ndege siku hiyohiyo. Jana tumelipisha, limeingia getini saa mbili, saa tano lishavuka. Hakuna aliyetaka kulikagua lori lililofiwa na mtu ndani."

Sekela akajaza fomu. Jina la dereva aliyesajiliwa: Gibson. Muda: saa tatu. Chini kulikuwa na swali la mwisho: Je, dereva ameridhika na huduma? Ndiyo. Hapana. Akaliruka. Kompyuta ikamrudisha, ikalizungushia mstari mwekundu. Akaliruka tena. Ikamrudisha.

"Sekela," Rogers aliita kutoka mezani kwake, "bado fomu yako tu."