Kilo Zilezile

...ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, saa tatu na robo asubuhi, baba watoto akaniambia niletee maji, nikaenda, nikarudi, hakuyahitaji tena... na leo, mwaka umepita, nimesimama pekupeku juu ya vyuma baridi vya mashine hii, mikono imeshika vishikio viwili, kwa sababu binti yangu amesema, mama, usipokwenda kupimwa nitakubeba mgongoni watu wacheke, na sasa yuko pale kwenye benchi ananilinda kama mwizi, na nesi ananiambia, "Simama wima, mama, usiongee, usitingishike mpaka mashine ilie," haya, sitingishiki, nami nimewasimamisha watu hivihivi miaka thelathini ya ufundi cherehani, inua mkono, shusha, usivute tumbo ndani, unamdanganya nani... kiuno amenipima juu ya gauni, futi imelegea vidole viwili, nikamwacha, leo si kazi yangu, "Uzito umeshatoka, sitini na nane, bado mafuta, misuli na maji," uzito, uzito, neno lenyewe sitaki kulisikia, mume wangu pale zahanati walimpima kila mwaka, kilo sabini na tisa, mwaka uliofuata sabini na tisa, daktari akampiga bega, mzee, uko vilevile, akarudi nyumbani anatamba, mama watoto, mimi chuma... miaka mitatu kilo zilezile, nao wasomi wakatosheka, hata shati hawakumvua, Mungu atawauliza... "Unajua, mama," nesi anasema huku anaandika, "uzito peke yake hautoshi, mtu anaweza kubaki kilo zilezile, kumbe misuli inakwisha na mafuta yanajaa tumboni, yanazunguka ini, yanachosha moyo, ndiyo maana tunapima na kiuno," anasema polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu, na mimi nabana vishikio, kwa sababu kiuno chake ninakijua, inchi thelathini na sita, thelathini na nane, arobaini na moja, nimeziandika kwa mkono wangu kwenye daftari la vipimo, suruali zake nilifumua mshono wa nyuma mpaka kitambaa kikaisha, nikatia kipande cha pembetatu, na mwaka huohuo mashati nilikuwa nayapunguza mikono, inchi nzima, nikamuuliza, "Mbona nyama ya mikono inakukimbia?" akacheka, "Inahamia tumboni, huko ndiko kwenye chakula," nikacheka na mimi, nikachomeka pini... mtu anapanuka hapa, anakauka pale, fundi gani asione, niliona, nikadhani ni jambo la sindano tu, na kwenye harusi ya mpwa wake koti likamkaa kama alizaliwa nalo, mawifi wakasema, wifi, kaka yetu unamtunza, kichwa kikanivimba, kumbe nilikuwa naufunika ugonjwa kwa kitambaa kizuri... sukari, walisema alipokwisha kufa, sukari na moyo... "Umetingishika, mama, tuanze upya," haya, mwanangu, anza... mwaka mzima nimewalaani wale wa zahanati kila baada ya sala, laana hiyo nikaiita haki, nikalala vizuri, na wao walikuwa na namba moja tu, mimi nilikuwa nazo zote kwenye droo, chini ya chaki na mkasi... sikumuua, hapana, niliandika nisichojua kukisoma, wala hakuna aliyenifundisha, lakini ile laana siwezi kuirudia, kinywa kitaniuma, nikiwashitaki wao lazima nisimame nao mstari mmoja... binti yangu ananitazama, ana mabega ya baba yake... "Usiongee, mama," siongei, mwanangu, ni midomo tu, Mola wangu, wewe uliyeufuma mwili ule gizani kabla ya fundi yeyote kuugusa, mpokee mume wangu, mpe mahali papana pasipombana, mpe maji nisiyomuwahishia, na niliyoyaona nikayafunika kwa sindano yawe juu yangu, yasiwe juu yake, amina.